Mizani, Selotepu na Mashine ya Mihuri

Kwenye kipindi cha wiki hii tulimpigia simu mjomba wangu, na mmeuliza sana ile "mashine ya mihuri" aliyoitaja ilikuwa kitu gani hasa. Basi hii hapa habari yenyewe, kwa urefu wake. Nawaahidi jambo moja: hakuna twiga. Kila anayeandika historia ya Waswahili na China huanza na yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415. Twiga mzuri, lakini apumzike kidogo. Leo tunaanza na mizani.

Mizani ya ofisi ya kago

Kama mzazi wako aliwahi kufanya biashara Guangzhou, mizani hii unaijua hata kama hujawahi kuiona. Inakaa sakafuni kwenye ofisi ya kago: bamba la chuma la mraba, nguzo, na kioo kidogo kinachowaka namba nyekundu. Kila kitu ulichohangaika nacho wiki mbili, yaani nguo za watoto, vioo vya simu, wigi, taa za sola, kinaishia juu ya bamba lile ndani ya mifuko iliyozungushiwa selotepu kila upande. Watu wananyamaza. Namba inacheza, kisha inasimama. Ukiizidisha namba hiyo kwa bei ya kilo, ndiyo unajua kama safari ililipa au mmetoka mikono mitupu.

Ndani ya bamba hilo hakuna springi wala jiwe la uzani. Kuna vipande vya chuma, na juu ya kila kipande kimebandikwa kijikaratasi chembamba chenye uzi wa metali uliopindapinda kama nyoka. Mzigo ukikaa, chuma kinapinda kidogo mno, jicho haliwezi kuona. Uzi nao unavutika pamoja na chuma. Uzi ukivutika unakuwa mrefu zaidi na mwembamba zaidi, kwa hiyo umeme unapita ndani yake kwa shida zaidi. Shida hiyo ya umeme, ambayo vitabu vya fizikia vinaiita ukinzani, ndiyo mashine inayoipima na kuigeuza kuwa kilo.

Kijikaratasi hicho kinaitwa kihisi mvutano. Kazi yake ni moja: kusema kwa lugha ya umeme kwamba kitu kimevutwa, na kimevutwa kiasi gani.

Siku hizi kuna ndugu yake mdogo, anayetengenezwa kwa namna tofauti kabisa. Unachukua utepe wa plastiki, unauchoma kwa mwanga wa leza, na pale ulipochomeka panabaki weusi fulani. Weusi huo ni kihisi mvutano laini, kinachoweza kubandikwa kwenye ngozi ya mtu kikasikia mapigo ya moyo au kupinda kwa kidole. Mimi kazi yangu ni vifaa vya hospitali, kwa hiyo nilikutana navyo kazini. Kilichonishangaza ni kugundua kwamba vitu vyote vinavyohitajika kukitengeneza vilikuwa vikipita mikononi mwa watu wetu pale Dengfeng, mwaka baada ya mwaka, vikiwa bidhaa tu.

Dengfeng ilikuwa wapi na ilikuwa nini

Dengfeng ni mtaa wa wilaya ya Yuexiu, katikati ya Guangzhou. Zamani kilikuwa kijiji. Jiji likakua, likakizunguka kila upande, na kijiji kikabaki ndani yake kama kokwa ndani ya embe: vichochoro vyembamba, nyumba zilizokaribiana mpaka majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani, kodi nafuu. Wafanyabiashara wengi hawasemi Dengfeng, wanasema Xiaobei, kwa jina la barabara iliyo hapo. Stesheni ya treni ya chini ya ardhi inayoitwa Xiaobei ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2009. Kabla ya hapo ulikuwa unamwambia dereva wa teksi neno moja tu, "Tianxiu", na anakufikisha. Tianxiu ni jengo refu: chini maduka na ofisi, juu vyumba vya kuishi.

Waafrika walianza kufika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi walikuwa tayari wanafanya biashara Bangkok au Jakarta, na msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 ukawasukuma kaskazini. China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, mlango ukafunguka zaidi. Lakini jiji lenyewe lilikuwa limezoea wageni tangu zamani. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yalianza mwaka 1957. Na si mbali na Xiaobei kuna kaburi ambalo Waislamu wa huko wanasema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi wana shaka na habari hiyo, lakini Ijumaa msikiti wa pale hujaa, na katika safu utakuta Mnigeria, Mmali, Mkomoro na mtu wa Tanga.

Kiswahili kilikuwa na kona yake. Watanzania, Wakenya, Wakongo wa mashariki, Waganda: kila mmoja na lafudhi yake, lakini bei zilielezwa kwa lugha moja. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews aliandika kitabu kizima kuhusu biashara ya Guangzhou ya aina hii, kilichotoka mwaka 2017. Ni biashara ya watu wenye mtaji mdogo, mifuko badala ya makontena, mdomo badala ya mkataba, na fedha taslimu.

Hapo ndipo historia yetu inapohitaji kurudi nyuma kidogo, tuone vitu vilivyokuwa ndani ya mifuko hiyo vilitoka wapi.

Uzi wa Thomson na karatasi ya Ruge

Mwaka 1856, huko Uingereza, mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliripoti jambo alilolipima kwenye nyaya za shaba na chuma. Ukizivuta kwa uzito, ukinzani wake unabadilika. Ilikuwa zama za telegrafu, na watu walikuwa na hamu ya kujua kila kitu kuhusu nyaya. Lakini hakuna aliyefanya kifaa chochote cha maana kutokana na jambo hilo kwa karibu miaka 80.

Mwaka 1938 watu wawili nchini Marekani, bila kujuana, wakafika mahali pamoja. Edward Simmons alikuwa California. Arthur Ruge alikuwa chuo cha MIT, anachunguza matangi ya maji yanafanyaje wakati wa tetemeko la ardhi. Alihitaji kupima namna ukuta wa tangi dogo la mfano unavyojipinda, na vifaa vilivyokuwepo vilikuwa vizito kuliko ukuta wenyewe. Akachukua uzi mwembamba sana wa metali, akaubandika kwa gundi kwenye karatasi nyepesi, na karatasi akaibandika kwenye tangi. Ikafanya kazi.

Chuo kiliangalia ugunduzi huo na kuona kwamba biashara yake haitakuwa kubwa. Leo kihisi hicho kimo kwenye mizani ya dukani, kwenye madaraja, kwenye mabawa ya ndege. Na kimo chini ya mfuko wako kwenye ofisi ya kago.

Kina udhaifu wake, lakini. Ukiuvuta uzi wa metali kwa asilimia 1, ukinzani wake unapanda kwa takriban asilimia 2 tu, kwa hiyo unahitaji vifaa makini vya kuusoma. Tena uzi wenyewe hauvutiki sana: ukizidisha, unakatika. Ngozi ya kiwiko chako inavutika kwa asilimia 20 au 30 kila unapokunja mkono. Kihisi cha metali ukikibandika hapo kinakufa siku ya kwanza. Kwa chuma na zege ni sawa. Kwa mwili wa binadamu ilibidi kitafutwe kitu kingine.

Kinywe

Kitu hicho kilitoka kwenye jiwe tunalolijua. Kwa Kiswahili linaitwa kinywe. Ni lile jiwe jeusi, laini, linaloacha alama kwenye vidole, na ndilo linalosagwa na kuwekwa ndani ya penseli. Tanzania inalo kwa wingi: Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi. Hata Mererani, miamba inayobeba tanzanaiti imejaa kinywe. Wachimbaji wanatoka shimoni weusi tii, na weusi ule ndio huo.

Kinywe ni kaboni iliyopangwa kwa tabaka, kama kitabu. Ndani ya kila ukurasa atomi zimeshikana kwa nguvu sana, katika maumbo ya pembe sita kama sega la nyuki. Lakini ukurasa na ukurasa wameshikana kwa ulegevu, ndiyo maana penseli inaandika: kurasa zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Katika unene wa milimita 1 kuna kurasa kama milioni 3.

Ukurasa mmoja ukiwa peke yake ndio unaitwa grafini. Kwa miaka mingi watu walijua kwa hesabu kwamba upo, lakini hakuna aliyekuwa ameutenga na kuupima vizuri. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester wakatangaza kwamba wamefanikiwa. Chombo chao kikuu kilikuwa selotepu. Ndiyo, selotepu. Maabara zilikuwa zinaitumia kusafisha uso wa kinywe: unabandika, unabandua, unatupa. Wao wakaangalia kilichobaki kwenye ile inayotupwa. Wakaendelea kubandika na kubandua mpaka wakapata tabaka moja. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Shikilia jambo moja hapo, tutalirudia. Geim alikuwa na desturi ya majaribio ya Ijumaa jioni, majaribio ya kuchezea tu, yasiyo na bajeti wala ahadi kwa mtu yeyote. Mengi yalikufa. Hili halikufa.

Leza inaingia

Selotepu inakupa vipande vidogo vya grafini, vizuri kwa kupima, havifai kwa kutengeneza vitu vingi. Njia ya kuchora grafini kwa mwanga ilikuja kwa hatua, na karibu kila hatua ilitumia mashine iliyoundwa kwa kazi nyingine.

Leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi ilitengenezwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa India, akiwa maabara za Bell huko Marekani. Mwanga wake hauonekani kwa macho, ni wa joto. Unakata mbao, ngozi, nguo na plastiki. Viwanda viliupenda, na baadaye viwanda vya China vikaanza kutengeneza mashine hizo kwa wingi na kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaweza kujikaza akalipa.

Mwaka 2012, huko Los Angeles, Maher El-Kady, mwanafunzi aliyetoka Misri, pamoja na mwalimu wake Richard Kaner, walitumia mashine ya kuchoma DVD ya nyumbani, ile aina inayoweza kuchora picha juu ya diski. Walipaka diski kemikali itokanayo na kinywe, wakaiweka, wakabonyeza kitufe. Leza ya DVD ikaigeuza kuwa tabaka za grafini.

Halafu ukaja mwaka 2014. Jian Lin na wenzake katika maabara ya James Tour, Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, hawakuhitaji hata ile kemikali. Walichukua karatasi ya plastiki inayoitwa poliimidi, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Kapton. Hii nayo unaijua. Ukiwahi kukaa kwenye kibanda cha fundi simu ukaona selotepu yenye rangi ya chai ya rangi, inayong'aa, anaibandika kuzunguka chipu kabla ya kupuliza hewa ya moto, basi ni hiyo. Haiungui ovyo. Miaka ya 1960 ilibuniwa na kampuni ya DuPont, ikaenda mpaka mwezini kwenye vyombo vya Apollo.

Kundi la Houston liliiweka chini ya leza ya kaboni dayoksaidi, mashine ya kukatia ya aina inayokaa karakana, kwa nguvu ya wati chache, hewani, bila chumba maalumu. Pale mwanga unapogusa, joto linapanda kupita nyuzi 2,500 za Selsiasi kwa kitambo kifupi sana. Gesi zinatoka kwa nguvu, kaboni inabaki, na inajipanga yenyewe kuwa povu jeusi la grafini, lenye vishimo kama mkate wa kumimina. Walijaribu aina 15 za plastiki. Mbili tu ndizo zilizokubali.

Mwaka 2018 maabara hiyo hiyo ikaonyesha kwamba hata plastiki si lazima. Ukipitisha leza mara kadhaa, mara ya kwanza unapata mkaa, zinazofuata zinageuza mkaa kuwa grafini. Wakachora juu ya karatasi, nguo, mkate, kiazi. Na kifuu cha nazi. Niliposoma pale kwenye kifuu cha nazi nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu nyumbani kwetu kifuu kilikuwa upawa au kuni, basi.

Kutoka weusi hadi kihisi

Sasa kihisi chenyewe kinatengenezwaje? Hebu tufuate hatua.

Unasafisha kipande cha Kapton na kukibandika kwenye kitu kilichonyooka. Kwenye kompyuta unachora mstari uliopindapinda, kama ule wa Ruge, na vitako viwili mwishoni mwake. Leza inaupita mstari huo kwa nguvu ndogo. Nguvu ikizidi, unakata utepe. Ikipungua, unapata rangi ya kahawia isiyopitisha umeme. Ikiwa sawa, unapata weusi wenye mng'ao hafifu. Unabandika nyaya mbili kwenye vitako kwa rangi yenye fedha. Ukiunganisha na mita ya umeme na kupinda utepe, namba inasogea.

Kapton inapinda vizuri ila haivutiki. Kwa hiyo kama unataka kihisi cha kwenye ngozi, unamwaga silikoni ya majimaji juu ya povu lile, inapenya kwenye vishimo, unaiacha igande, kisha unaibandua. Povu jeusi linabaki limeshikwa na silikoni, laini kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Ukilivuta, kuta za povu zinaachana hapa na pale, umeme unalazimika kuzunguka njia ndefu, na ukinzani unapanda. Ukiachia, kuta zinagusana tena. Vihisi vya namna hii vinaweza kuwa vyepesi kusikia kuliko vya metali mara kumi na zaidi.

Kazi yake si mchezo. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walichoma grafini kwa leza na kuibandika kwenye koo. Ilisikia mtetemo wa mtu anayeguna au kukohoa, bila yeye kusema neno, na kifaa kile kile kikatoa sauti. Walikiita koo bandia. Waliwafikiria watu wasioweza kusema. Aliyewahi kumuuguza mzee aliyepoteza sauti baada ya upasuaji wa koo anaelewa mara moja hiyo ina maana gani.

Mjomba na ndoo ya maji

Turudi Dengfeng. Mwaka 2011 mjomba alinunua Guangzhou mashine moja ya leza ya wati 40, ya kuweka mezani. Mashine za saizi hiyo zilikuwa zinauzwa kama mashine za kuchongea mihuri ya raba. Aliipeleka Kariakoo. Kila ofisi Tanzania inataka muhuri, kila shule, kila kamati ya msikiti, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Mashine ilikuwa na bomba la kioo la leza, na bomba lilipozwa kwa pampu ndogo iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza unachokimbilia ni ndoo.

Mwanga wa bomba lile una urefu wa wimbi wa mikroni 10.6. Mwanga wa mashine ya Houston una urefu huo huo. Mashine za aina ya mjomba zinatosha kabisa kuchora grafini juu ya Kapton. Na Kapton ilikuwepo, meta tano kutoka kwake, kwa fundi simu jirani. Mizani ya kidijiti ilikuwepo. Mita ya umeme ilikuwepo. Miaka mitatu kabla ya makala ya Houston, vitu vyote vilikuwa kwenye korido moja Kariakoo.

Nilipogundua hivyo nilimpigia kwa furaha ya kijinga kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekula?"

Nikamweleza yote: selotepu, leza, grafini, Nobel. Akanisikiliza. Nikamuuliza kama aliwahi kujaribu kuchoma vitu vingine, kuona tu kinatokea nini.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, lile bomba lina masaa yake. Yakiisha, limekufa, na la kulinunua liko Guangzhou. Kila dakika ya bomba ilikuwa ada ya mtu. Ningechezea nini?"

Ada ya mtu. Mtu mwenyewe ni mimi, pamoja na binamu zangu wawili. Nilisomea uhandisi kwa pesa ya mihuri.

Naiweka hapa kwa sababu tunapozungumzia kwa nini ugunduzi fulani ulitokea kule na si kwetu, mazungumzo huenda haraka sana kwenye akili au vifaa. "Wazazi wetu walikuwa wachuuzi tu." Hapana. Mjomba alikuwa anajua bomba linaloelekea kufa kwa kuangalia rangi ya mwali wake. Alijua kuweka vioo vya leza sawa kwa kipande cha karatasi na subira. Alijadiliana bei na mwenye kiwanda kwa kikokotoo na maneno ishirini ya Kichina, na akarudishiwa fedha mashine ilipofika imevunjika. Huo ni ujuzi, tena ni ujuzi wa leza. Na vifaa navyo vilikuwepo, kama tulivyoona.

Kilichokosekana ni Ijumaa jioni. Geim alikuwa na mshahara uliokuja hata kama selotepu haikutoa kitu. Wale wa Houston wangeweza kuunguza plastiki 13 zisizofaa ili wapate mbili, na hakuna mtoto aliyefukuzwa shule. Nafasi ya kuharibu kitu bila mtu kuumia ndiyo chombo cha gharama kubwa kuliko vyote katika historia hii nzima, na ndicho pekee ambacho huwezi kukifunga kwenye mfuko na kukipima kwenye mizani ya kago.

Tusijidanganye

Sitaki muondoke hapa mkidhani ni rahisi, eti kila mwenye mashine ya mihuri ni mwanasayansi. Kuchora weusi unaopitisha umeme ni kazi ya mchana mmoja. Kutengeneza kihisi unachoweza kukiamini ni kazi ya miaka. Povu la grafini lina tabia zake: ukilivuta na kuliachia mara elfu, namba ya mwanzo inahama. Jasho linalibadilisha. Joto la mwili linalibadilisha. Vihisi viwili vilivyochorwa siku moja na mashine moja vinaweza kutofautiana. Ndiyo maana vingi bado viko maabara, na hospitali bado inatumia vya zamani. Moshi wa plastiki inayoungua nao si wa kuvuta, na mwanga wa leza hiyo unapofusha. Kapo fundi kijana anayenisoma, tafadhali, feni ya kutolea moshi na kifuniko kwanza.

Lakini kazi hiyo ya miaka ni ya kupima, kuandika, kurudia. Haihitaji migodi ya Mahenge wala kiwanda cha mabilioni. Inahitaji mtu mwenye kipato ambaye jioni yake ni yake.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi. Dengfeng ya mjomba haipo tena kama ilivyokuwa. Viza zilikaza, biashara ikahamia mtandaoni, na mwezi wa nne mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa majumbani na hotelini, wengine wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya kulalamika. Wengi hawakurudi. Mjomba naye alikuwa ameshaacha kwenda, magoti hayataki ngazi. Wanaojua mashine zile zilivyofika Kariakoo, Gikomba na Goma, nani alifundisha nani kulisawazisha bomba, maneno gani ya Kiswahili waliyaunda kwa vipuri visivyo na jina, wako kwenye miaka ya sitini na sabini sasa. Hakuna jarida lililowahoji.

Sisi tuna mishahara. Wengi wetu tuna Jumamosi. Tulipewa ile nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, na ililipiwa kwa muhuri mmoja mmoja.

Mwezi uliopita nilinunua mashine ndogo ya leza, iliyotumika, na roli ya Kapton. Nimeharibu meta nne mpaka sasa. Kipande cha kwanza kilichofanya kazi nilikibandika kwenye kidole, nikampigia mjomba kwa video, nikakunja kidole ili aione namba inapanda na kushuka. Akasogeza miwani, akaangalia kwa muda mrefu.

"Inapima nini?" akauliza.

Nikamwambia inapima kidole kinapovutwa.

"Sawa," akasema. "Sasa weka kilo moja, uone kama inasema kweli."